Niliambiwa Niongee na Mtoto Asiyejibu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Perusi, nakaa Mwisenge, na wengi wenu mnanijua mgongo tu, kwa sababu nilikuwaga natoka ibadani kabla watu hawajaanza kushikana mikono. Leo nimekuja mbele. Naomba mnivumilie, maana mtu aliyekaa kimya muda mrefu akianza kusema hajui pa kukomea.

Nilizaliwa Bukima. Niliolewa na fundi baiskeli, tukahamia hapa mjini, na Mungu hakutupa mtoto. Mume wangu alikuwa msemaji! Akirudi jioni alinisimulia kila baiskeli iliyopita mikononi mwake na kila mteja aliyembishia, kwa Kijita chetu, na mimi kazi yangu ilikuwa kucheka. Alipofariki ndipo nilipogundua kwamba maneno yote ya nyumba ile yalikuwa yake. Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, nikabaki na redio. Wiki nzima ilipita nikiwa nimesema "salama" na "asante" basi. Upweke ni ugonjwa, wapendwa, ila hauna homa, kwa hiyo hakuna anayekuja kukujulia hali.

Kisha jirani yangu Mama Boke, Mkurya wa Tarime anayeuza dagaa, akaniomba nimshikie binti yake wakati akienda mwaloni kupokea mitumbwi ya dagaa. Wenzake walipoona, nao wakaleta wa kwao, nyumba ikajaa. Niliwalisha, nikawaogesha, nikawalaza mkekani. Akina mama walinisifu kwamba kwangu watoto hawana kelele. Na kweli kulikuwa kimya. Mama yangu alitulea hivyo: mtoto mzuri ni mtulivu, na mtu mzima akionekana anaongea na kichanga, watu wanaulizana kama yuko sawa. Nyumba ilijaa watoto na mimi bado sikuwa na wa kuzungumza naye.

Siku moja akaja afisa ustawi wa jamii pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hakuwa mkali. Alikagua choo, akatazama wanapolala watoto, akanieleza kwamba anayelea watoto wa watu nyumbani kwake lazima awe na kibali, na kibali hakitoki bila mafunzo. Mpaka nitakapokipata, nifunge. Kesho yake hakuna mama aliyeleta mtoto. Ndugu zangu, nilikaa mlangoni asubuhi ile mpaka jua likanifikia miguuni. Uani kulikuwa na kandambili moja ya mtoto, nikashindwa kuiokota. Nililia kuliko nilivyolia msibani, kwa sababu msibani nilikuwa na watu wa kulia nao.

Nikaamua kurudi Bukima nikazeekee huko. Mama mchungaji akanizuia. Alisema niende kwanza mafunzoni, nikishindwa ndipo nifunge mizigo. Basi nikaenda Bunda, na umri huu, nikakaa darasani na wasichana. Tulifundishwa kunawisha watoto mikono, kuweka dawa na mafuta ya taa mbali nao, kumhudumia mtoto aliyepaliwa. Mwalimu alipouliza tufanyeje mtoto akikwamwa na mwiba wa samaki, watu wa ziwani wote tulijibu kwa pamoja kwamba anapewa tonge la ugali alimeze. Mwalimu akashika kichwa. Tulicheka sana siku hiyo, na mimi nikafikiri magumu yamekwisha.

Kumbe bado. Jaribio la mwisho lilikuwa la vitendo. Kila mmoja anakaa chini na kichanga, anamsemesha, na mwalimu anatazama. Bila hilo, cheti hupati. Mwalimu wetu alikuwa dada wa Kiislamu wa pale Bunda, jina lake Zuhura. Alitueleza kwamba mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa, hata kabla hajaweza kujibu. Nikawekewa mtoto mapajani. Nikamtazama, akanitazama. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Wasichana wakaanza kukohoa. Nilijua kabisa kwamba nikitoka pale mikono mitupu, narudi kwenye upweke ule, na safari hii ni moja kwa moja. Nikaomba moyoni, Bwana, nipe hata neno moja. Nikamwambia mwalimu kwamba mimi Kiswahili cha kumwambia mtoto sina.

Zuhura akachuchumaa karibu yangu. Akasema kwa upole, "Mwambie kwa lugha ya kwenu, mama. Yeye hajui hata moja, zote kwake ni sawa. Ila anakusubiri."

Bwana asifiwe! Nikaanza kumsimulia habari za baiskeli. Sijui kwa nini baiskeli. Mnyororo uliokatika, mteja mbishi, tairi lililopasuka njiani, vyote kwa Kijita, kama nilivyosimuliwa miaka ile. Na yule mtoto akaguna. Akangoja, akaguna tena, kama anayeuliza ikawaje. Machozi yalinishuka lakini sikunyamaza, mpaka mwalimu mwenyewe akaniambia mama imetosha, wenzio nao wafanye. Cheti nikapewa, na baadaye kibali.

Watoto wakarudi. Sasa kwangu kuna kelele, na kelele nyingi ni zangu! Nawasemesha nikiwaogesha, nawasemesha nikichambua mchele, Kiswahili kikiniishia naendelea na Kijita. Baada ya muda, jioni moja, Mama Boke akaja na uso umekunjamana, binti yake mgongoni. Nilijua amekuja kunieleza kwamba mtoto wa Kikurya hawezi kugeuzwa Mjita, na kwamba anamhamisha. Hakusema hayo. Alikaa kwenye mkeka, akamshusha Boke, akapumua.

"Mama, huyu mtoto ananisemeshaga Kijita," akasema. "Nikishindwa kumjibu analia. Sasa na mimi nifundishe."

Nilimfundisha kuomba maji, tukaenda mpaka kwenye salamu, na giza likatukuta tunacheka. Tangu hapo anapita kila akitoka sokoni. Kijita chake kibaya, wapendwa, anakipasua kama kuni, lakini anakisema ndani ya nyumba yangu, na mimi namjibu.

Ndugu yangu, kama ukitoka hapa leo unarudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kukuuliza umekula nini, nakusihi umwamini Mungu huyu. Usimpangie njia ya kupitia. Mimi nilimwomba mtoto, sikupata. Nilimwomba ampe mume wangu miaka zaidi, akamchukua. Mama Boke sikumwomba hata siku moja, na ndiye niliyepewa. Kwa hilo namshukuru Mungu, na nitamshukuru mpaka aniite.