Chumba Nilichouandalia Ugonjwa

Mwezi wa pili, katika mwaka wa pili wa korona, nilimzika mume wangu. Ulikuwa ugonjwa wa kifua, na ulimmaliza kwa muda mfupi. Naanza na hilo kwa sababu yote nitakayosema yametoka hapo, na sitaki mtu akae akijiuliza huyu mama analilia nini. Silii. Nimeshalia.

Ndugu zangu wa Kasulu, asanteni kwa kunipokea. Mimi natoka Kibondo. Ni fundi cherehani, nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo mtanisikia nikiongea kama fundi. Mwenyekiti wenu wa wajane ameniomba nieleze jinsi woga ulivyoniangusha na jinsi nilivyoinuka. Sitataja jina la mtu. Wengine bado ni majirani zangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, anachukua maharage vijijini na kuyaleta huku kwenu. Alirudi safari moja anakohoa, akasema ni mvua iliyomnyeshea wakati anabadilisha tairi. Mimi pia nikasema ni mvua. Siku alipozidiwa, simu yangu haikuwa na chaji, bodaboda hakuna, na ndani ya nyumba hapakuwa na hata kipande cha sabuni. Tulimfikisha hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi. Karatasi ilisema matatizo ya kupumua. Kama ilikuwa korona au haikuwa, sijui. Watu huniuliza sana, nami jibu langu ni hilohilo.

Baada ya kuzika, nilishona. Nina mabinti wawili. Mkubwa sasa yuko darasa la nne, mdogo darasa la kwanza. Tunaishi na mama mkwe wangu, mtu wa Munanila, kule milimani mpakani, na wa Munanila mnawajua kwa maneno. Tuliishi hivyo, si vizuri sana na si vibaya.

Halafu asubuhi moja redio ikasema kuna ugonjwa upande wa pili wa mpaka, unaambukiza kwa kugusana, na wananchi wa mikoa ya jirani wachukue tahadhari. Mtangazaji alisema "wachukue tahadhari" kisha akaweka muziki. Mimi nikabaki nimeshika mkasi hewani. Moyo ulianza kupiga, mikono ikapata jasho, nikahisi kitambaa kinaniteleza. Nikajiambia: safari hii hautanikuta mikono mitupu.

Nawaambieni ukweli, mwanzo nilifanya mambo mazuri. Nilitundika kibuyu chirizi cha kunawia mlangoni. Nilinunua sabuni, dawa za maumivu, chumvi za kuongezea maji mwilini. Nilihifadhi unga, maharage na dagaa. Nilihakikisha simu ina chaji, nikaongea na kijana mmoja wa bodaboda, akakubali kwamba nikimwita atakuja. Mhudumu wa afya wa mtaa wetu alipita, akaangalia, akasema, "Mama, kila nyumba ingekuwa hivi tungepumzika." Ningeishia hapo leo nisingekuwa na cha kuwashuhudia.

Lakini sikuishia hapo. Kila nilipomaliza kuandaa, niliona sijaandaa. Nikarudi dukani. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, alinitazama nikipanga katoni za sabuni mlangoni kwake.

"Dada yangu, unafungua kituo cha kufulia?"

"Ni akiba, mzee."

"Akiba ya nani? Ya wilaya nzima?"

Wateja wake walicheka. Mimi nilibeba katoni zangu nikaondoka.

Redio ilikaa wazi tangu alfajiri. Ikitaja ugonjwa, nilisimama karibu. Isipoutaja, nilibadilisha kituo mpaka nipate kinachoutaja. Kwenye cherehani niliacha kuwapima wateja. Niliwarushia futi, wajipime wenyewe, mimi nimesimama kule. Mnacheka, na mna haki ya kucheka. Mteja mmoja alirudi na gauni lake amelivaa, akazunguka mbele yangu mara mbili.

"Fundi, hili ulinishonea mimi au ulitushonea mimi na mama yangu tuingie wote?"

Sikucheka. Nilimwambia asogee nyuma kidogo.

Sasa nifike kwenye chumba. Nyumba yangu ina stoo upande wa nyuma. Nilitoa majembe na magunia, nikaipaka chokaa, nikaweka kitanda, chandarua, ndoo, sahani na kikombe vya peke yake. Nikawaita wanangu, nikawasimamisha mlangoni. Niliwaambia, "Atakayepata homa atalala humu. Hakuna atakayeingia ila mimi. Mpaka apone." Niliwaonyesha siku hiyo, nikawaonyesha tena siku nyingine. Niliwafanyisha mazoezi, mkubwa anaingia, mdogo anafunga mlango kwa nje. Jirani alichungulia uani akauliza, "Mama, hiyo mahabusu umemjengea nani?" Mdogo alicheka. Mkubwa hakucheka, na mimi sikuliangalia hilo.

Na kuna jambo jingine nilifanya, ambalo ninyi Waha wenzangu mtalielewa haraka kuliko mtu wa mbali. Mnajua salamu yetu ya asubuhi. Mtoto anapiga goti, anapiga makofi polepole, anasema *mwakeye*, na mkubwa anamshika mikono, pale juu kidogo ya kifundo cha mkono, wanaulizana umelalaje, umeamkaje, na mkono hauachiwi mpaka maneno yaishe. Tangu wanangu wazaliwe nimewashika hivyo kila asubuhi. Sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa nawapima homa. Niliona ni heshima tu.

Nikaifuta. Nikasema salamu sasa ni makofi tu, kila mtu alipo. Mama mkwe, kwa sababu ni mzee, nilimwekea mpaka wake kabisa. Watoto wamsalimie wakiwa kwenye kizingiti cha chumba chake, wasiingie.

Aliniuliza, "Yaani wajukuu zangu wanisalimie kama wapita njia?"

"Ni kwa usalama wako, mama."

"Nimekuomba usalama lini?"

Lakini alikubali, kwa sababu nyumba ni yangu na mwanae hayupo.

Tulikaa hivyo wiki kadhaa. Ugonjwa haukuvuka mpaka. Mimi nilikuwa nimekonda, silali, nikila chakula hakishuki. Cherehani ilisimama siku nyingi kuliko ilivyofanya kazi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa jikoni na redio yangu. Mkubwa alikwenda kumsalimia bibi yake. Nikasikia makofi. Kisha sauti ya mama mkwe: "Mbona huinuki?"

Nikatoka. Binti yangu alikuwa amepiga goti kizingitini, amevaa sweta. Kwetu kuna baridi, sweta halimshangazi mtu. Alikuwa amelivaa tangu katikati ya wiki na sikulishangaa. Alijaribu kusimama, akashika fremu ya mlango, akakaa chini.

Mama mkwe alivuka kile kizingiti nilichomwekea. Akamshika mikono.

"Mtoto huyu anaungua! We mama yake, uko wapi?"

"Niko hapa, mama."

"Uko hapo na redio."

Ndugu zangu, ndani nilikuwa na glavu. Nilikuwa na barakoa nilizoshona mwenyewe. Nilikuwa na dawa, chumvi, sabuni ya wilaya nzima kama alivyosema yule mzee. Na nilisimama pale uani nisiweze kuinua mguu. Moyo ulikuwa unapiga kiasi kwamba sikusikia vizuri. Nilichoona si binti yangu. Nilimwona baba yake akitafuta pumzi. Sijui nilisimama kwa muda gani. Mama mkwe ndiye aliyempakata, akamfungua sweta, akamuuliza:

"Imeanza lini?"

"Jumatano."

"Mbona hukusema?"

Binti yangu hakunitazama. Alisema akiwa amejificha kwenye kifua cha bibi yake, "Mama atanifungia stoo."

Maneno hayo ndiyo yaliyonisogeza. Sitasema nilipata ujasiri, kwa sababu sikuwa nao. Nilikwenda, nikampokea, nikamfunga mgongoni ingawa ni mkubwa, nikapiga simu. Yule kijana wa bodaboda alikuja kama alivyoahidi. Kwenye kituo cha afya walimpima. Ilikuwa malaria, na ilikuwa imeshakuwa kali. Haikuwa ugonjwa wa redioni. Ilikuwa malaria ileile tunayoijua sote hapa, ile ambayo ukiigundua mapema unapewa vidonge unarudi nyumbani.

Muuguzi aliuliza, "Homa ilianza lini?"

"Jumatano."

Akaandika, akaniangalia. "Leo Jumamosi, mama."

Aliendelea na kazi yake.

Walimwekea dripu. Jumapili hakujua mimi ni nani. Mimi nilikaa chini kando ya kitanda nimemshika mkono, na sikumwachia. Jumatatu aliomba uji. Alipomaliza aliuliza, "Nikirudi nalala wapi?" Nikamwambia, "Kitandani kwako." Akauliza tena, kuhakikisha.

Yule muuguzi alikuwa ameniona. Siku ya pili alivuta kiti, akaniuliza kama huwa nalala. Nikamwambia ukweli wote, redio, sabuni, moyo, mume wangu. Nilidhani atanicheka au ataniambia niombe sana. Alisema, "Woga wako si ujinga. Umefiwa, mwili unakumbuka. Lakini ukishaandaa kitu, funga, uondoke. Usikiandae tena kesho." Akanifundisha kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, moyo unapoanza mbio. Akasema redio nisikilize mara moja kwa siku, kituo kimoja, taarifa ya habari, basi. Na akaniambia nirudi kwake kuongea. Nilirudi mara nyingi. Bado narudi.

Tulipotoka, tulikaa wanne, mimi, mama mkwe na watoto. Nilitaka kubomoa ile stoo. Mama mkwe ndiye aliyekataa. Alisema, "Chumba hakina kosa. Siku moja tutakihitaji. Lakini mtu hawekwi mahali asipoonekana. Kwetu anayeumwa anasema, maana asiposema nani atamletea maji?" Tukamwita fundi, akatoboa dirisha kubwa linalotazama uani, pale tunapokaa kupika. Mkubwa akalala humo siku moja kwa hiari yake, bila ugonjwa wowote, mlango wazi, akipiga kelele kila baada ya muda kwamba hajaletewa chai.

Salamu tuliirudisha. Tunashikana, halafu tunanawa. Hili nalisema wazi ili mtu asitoke hapa akidai nimefundisha watu wapuuze wataalamu. Ugonjwa wa kugusana ukifika kweli, na wahudumu wakisema tuache kushikana, tutaacha siku hiyohiyo. Nimenunua kipimajoto kwa ajili hiyo. Lakini nitakuwa nimewazoeza wanangu kwamba mtu akiumwa anasema, na akisema hagombezwi.

Nawashukuru walionisaidia. Muuguzi yule. Kijana wa bodaboda. Mzee wa duka, ambaye alikubali nimrudishie katoni za sabuni na hakutania hata kidogo siku hiyo, ingawa nilimwona anajizuia. Mteja wa gauni, aliyerudi nimpime upya. Na mama mkwe wangu, ambaye angekuwa hapa asingeniacha nimalize sentensi.

Somo langu ni dogo. Andaeni nyumba zenu. Maji, sabuni, dawa, chakula, simu yenye chaji, mtu wa kuwabeba. Msiache, mimi niliacha na nikazika. Lakini mkishaweka vyote hivyo, muulizeni mtoto mdogo kuliko wote nyumbani: ukiumwa, utamwambia nani? Kama jibu lake si wewe, bado hujaandaa.

Woga haujaniisha. Hata wiki hii umenijia, nikakaa chini, nikavuta pumzi, ukapungua. Haukuisha. Ulipungua.

Leo asubuhi, wakati natafuta viatu niwahi gari la kuja huku, mdogo alinifuata mpaka mlangoni. Alisema, "Mama, koo linaniuma." Nilikuwa nimechelewa. Niliweka mkoba chini, nikampeleka kwenye mwanga, nikaangalia. Lilikuwa jekundu kidogo. Homa hakuwa nayo. Nikampa maji ya chumvi ya uvuguvugu asukutue, nikamwambia bibi yake, nikaondoka. Gari lilikuwa bado lipo.

Nilipofika hapa nje, kabla hamjaniita, nimepiga simu kuuliza hali yake. Mama mkwe amesema, "Mgonjwa gani anakula mihogo ya watu wawili? Hebu ongea, wenzako wanakusubiri." Akakata.