Maandishi ya Mahbuba

Sogeeni, Shatha na wewe Humam, na mnisamehe ntakavyoyasema ovyo. Miaka thelathini nimechekesha watu jukwaani na sijapata kusimulia jambo likatoka sawa, sembuse leo, pumzi zenyewe ndio hizi za kuazima.

Nyumba hii ya Bawshar mtagawana kwa sharia, sina neno. Neno nnalo juu ya zile picha tatu za Kijapani ukutani, mnazozigombania tangu nilipoanguka. Mama yenu Mahbuba alipewa na jirani yetu wa upande wa Al Khuwair, bibi wa Kijapani. Picha za kuchongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa rangi, karatasi ikagandamizwa juu yake, na kila moja imetokana na shairi la kale la kwao, lile lililoandikwa pale juu penye wingu. Yule bibi akimfasiria, na mama yenu akiyatia Kiswahili chetu, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa na bibi yake Unguja. Daftari lake la tafsiri hizo mmelitafuta miaka minne. Nikakwambieni Namazzi, yule binti wa Kiganda aliyekuwa akitusaidia kazi, kalitupa pamoja na magazeti. Mkamrudisha kwao analia, na mie nikanyamaza.

Wanangu, daftari halikuwepo. Mama yenu aliandika nyuma ya picha zenyewe, kwa penseli.

Alipolazwa nilitaka akirudi azikute ukutani, nikazipeleka kwa fundi wa fremu, mtaa wa Hamriya. Akanambia, "Baba, huku nyuma pana maandishi." Mie nikadhani ni bei na alama za sokoni, nikamjibu, "Bandika, bwana, umeona wapi mtu kalipa kiingilio akakae nyuma ya pazia?" Akacheka. Akazipaka gundi, akazigandisha kwenye kadibodi mpaka zikanyooka kama kanzu ya Idi. Jioni ile mama yenu akanishika mkono hospitalini, akasema, "Marhoon, zigeuze, watoto wasome." Nikamwambia nimeshazigeuza. Hakurudi nyumbani.

Nimewauliza wajuzi. Ukizibandua, karatasi inachanika na penseli inabaki na gundi. Ukiziacha, hayasomeki na mtu. Nimekaa chini yake miaka minne, nazitazama, na sijaona mlango wa kutokea.

Basi sikilizeni. Msizitenganishe. Msizibandue kwa papara, hata mkinikasirikia vipi. Na kabla hamjanisomea hitima, mtafuteni Namazzi, mumuombe radhi, mumwambie mwongo ni mie.

Nipe maji, Shatha... basi, yatosha. Radhi zangu nimekupeni nyote wawili, haikubaki hata chembe. Mungu akulindeni, akupeni wa kukusikilizeni.

Usiniulize, Humam, naona mdomo unakucheza: kwani baba hukumbuki hata shairi moja? Alinisomea yote matatu, kwa sauti, mie nimekaa papa hapa... Nnachokumbuka ni kila mzaha niliomkatizia nao.