Mama Endelea na Kiti cha Pili

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto, asije akaunguza chakula akasingizia redio. Jioni hii tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Jina lake la ubatizo wengi walilisikia kwa mara ya kwanza siku ya mazishi. Mtaani na kanisani aliitwa Mama Endelea. Mama Endelea, fundi cherehani, alifariki Jumamosi iliyopita asubuhi.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa na cherehani moja, dirisha moja na viti viwili. Kimoja chake. Cha pili kilikuwa cha yeyote aliyechoka na dunia. Ukiingia umejikunyata, hakuulizi una nini. Anakuwekea nguo mapajani. "Nishikie pindo hapa. Usivute, shika tu." Basi, mikono ikishapata kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Unaanza kusema. Ukisita, yeye, macho yakiwa kwenye sindano, anakwambia, "Enhe, endelea." Jina lilitokea hapo.

Mdogo wake, aliyeishi naye nyumba moja, anasema haikuwa tabia tu. "Dada aliamini huo ndio uanafunzi wake kwa Kristo. Alikuwa akisema, kuhubiri sijui, na nikiimba mbuzi wanakimbia. Lakini Yesu hakuniambia niimbe. Kaniambia nimwinue mwenzangu."

Yupo fundi wa kuchomelea mageti mtaani kwao. Cheche ilimharibia jicho, akajifungia ndani. Kazi akaacha, kanisa akaacha. Mama Endelea alimfuata huko huko na suruali ya kupunguza urefu. Akamwambia, "Pindo halihitaji macho mawili. Shika." Kijana yule alishika mapindo siku nyingi kabla hajatoa chozi. Lakini alilitoa, na baadaye akarudi kwenye mageti yake.

Sasa, wapendwa, hapa ndipo roho inaponiuma.

Mama Endelea aliugua figo. Miguu ikavimba, cherehani ikamshinda, akalala. Na watu wakazidi kuja. Kumjulia hali mgonjwa? Wapi! Kumweleza shida zao. Kiti cha pili kilitolewa chumba cha kushonea kikawekwa kando ya kitanda. Mchungaji mwenyewe alimtuma huko mwalimu aliyeachishwa kazi. "Kamwone Mama Endelea," alimwambia. Mgonjwa anawafariji wazima! Jamani! Wala hawakuwa na nia mbaya. Walimzoea hivyo, wakadhani mtu wa namna ile havunjiki moyo. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hilo hakuna aliyelikumbuka.

Mdogo wake anasimulia, "Mgeni akitoka tu, dada anageukia ukutani. Nikamuuliza, dada, niwakataze wasije? Akasema waache, wataenda wapi? Halafu akaniuliza, 'Hivi, yupo anayeniombea mimi?' Nikamjibu, wote wanakuombea. Nilijua namdanganya."

Jumatano ya wiki yake ya mwisho akaja fundi wa mageti. Naye alikuja na lake, maana mwanawe alikuwa hasemi naye. Akakaa kwenye kiti cha pili, akafungua mdomo. Ndipo akaiona mikono ya Mama Endelea juu ya shuka, imelala tu. Hakuwahi kuiona mikono ile bila kazi. Akaufunga mdomo.

Akaenda chumba cha kushonea. Akarudi na sketi ya shule iliyobaki kwenye cherehani, pindo limebanwa kwa pini. Akamwekea mapajani. "Mama, leo nishikie wewe."

Akaanza kushona. Sindano kaikamata kama nondo. Mama Endelea akatazama, akatazama, akashindwa kunyamaza. "Mwanangu, hapo unashona au unachomelea?" Wakacheka. Kisha kicheko cha mama kikageuka kilio. Akasema, "Naogopa kufa. Nimewaambia wengi kwamba Mungu yupo karibu. Mimi nikimwita siku hizi, simsikii."

Fundi hakuwa na mahubiri. Alikuwa na neno moja, na alifundishwa na mama huyo huyo.

"Enhe, mama. Endelea."

Akaendelea mpaka jua likazama. Mdogo wake alisimama mlangoni, anasema alikuwa hajawahi kumsikia dada yake akiomba apewe kitu. Siku hiyo aliomba. Aliomba watu waje wamwimbie, hata wakiimba vibaya.

Fundi alitoka pale moja kwa moja hadi kwa mchungaji. Mchungaji akashika kichwa. Wakakubaliana Jumapili, baada ya ibada, kanisa zima liende kwa Mama Endelea. Asiende mtu na shida yake. Waende kumwimbia na kumwombea yeye. Walipanga Jumapili. Mama Endelea alifariki Jumamosi asubuhi.

Walikwenda hivyo hivyo. Waliimba wamesimama uani, na wengi walishindwa kumaliza ubeti wa kwanza.

Kwa mdogo wake, pole sana. Kwa fundi wa mageti, kwa mchungaji na kanisa lote, poleni. Mungu awafariji ninyi mliofarijiwa naye miaka yote hiyo.

Na wewe unayenisikiliza. Yupo mtu unayemkimbilia ukivunjika moyo. Jina lake limeshakujia. Usingoje Jumapili. Nenda kwake, shida zako ziache mlangoni, umuulize habari zake yeye. Na akisita, neno la kumwambia unalijua.