Mama Nyakerario na Kiti cha Mwalimu

Marehemu Mama Nyakerario Bogonko, ambaye tumekusanyika hapa nyumbani kwake Rodi Kopany kumsindikiza, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 karibu na Kehancha, ambako wazazi wake, watu wa Kisii, walikuwa wamehamia kulima mahindi, akasoma huko hadi darasa la saba mwaka 1966, kisha akajifunza kushona.

Tarehe 13 Desemba 1970 alifunga ndoa na Mwalimu Bogonko, mtunzi wa nyimbo za kwaya ambaye hamhitaji kuelezwa habari zake, maana hata waliosinzia kanisani waliamka zilipoanza, wakajaliwa watoto watatu, Okemwa, Damaris na Emmah, ambaye ndiye anayewasomea haya. Mama alishona sare za kwaya kwa cherehani yake sokoni, na kila Jumamosi jioni akawapikia waimbaji waliojaa sebuleni, yeye akila amesimama jikoni. Kiti kikubwa kilikuwa cha Mwalimu, na hata Mwalimu alipofariki mwaka 2015 hakuna aliyekikalia.

Mwaka 2023 wachoraji wanawake wa Ndhiwa, wakiongozwa na Jerusha, waliamua kuwachora wake waliosahauliwa wa watu mashuhuri, wakamwuliza Mama angependa kuonekana akifanya nini, naye akafikiri kidogo, akajibu, "Nichoreni nimeketi." Wakamchora katika kiti kile cha Mwalimu, miguu ameinyoosha, kwaya nzima ikimwimbia yeye, na siku ya maonyesho mjini Homa Bay, Okemwa, kifungua mimba wake, aliona babake amevunjiwa heshima, akauteremsha mchoro ukutani mbele ya wageni, akisema, "Hicho kiti ni cha baba." Mama alijifunga leso yake vizuri, akaomba arudishwe nyumbani.

Januari 2025 sukari ilimzidia, akalazwa Homa Bay, kisha Migori, na aliporudi, Okemwa, ambaye aibu ilikuwa imeanza kumla, alimshika mkono amkalishe katika kiti kile, lakini Mama akakataa kwa upole.

"Hicho kiti ni cha baba yako," akasema, akaketi kwenye stuli ya jikoni.

Alituaga tarehe 9 Mei 2025. Okemwa alipotafuta picha ya kuweka kando ya jeneza, hakupata hata moja ambamo Mama hakuwa amesimama nyuma ya watu na sahani mkononi, basi akaenda Ndhiwa kwa Jerusha, asiweze kumtazama usoni, akapewa mchoro huu mnaouona juu ya kiti chenyewe. Ni Okemwa mwenyewe aliyeomba haya yasomwe bila kufichwa, na ndiyo maana tangu asubuhi amekataa kuketi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kuni na maji, washonaji wenzake, wanakwaya, na wachoraji wa Ndhiwa, waliomwona mapema kuliko sisi wanawe.

Keti, Mama, upumzike kwa amani.