Kalondu Hakujitolea Kufa

KARIBU KYAMULINGE

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri, karibu. Umekuja na vumbi lote la barabara ya Mwingi mabegani, na sisi tunakupangusa kwa mikono miwili. Mkuu wa Wilaya, Chifu wetu, wachungaji, sheikh na jamaa zetu kutoka Mwingi, wazee, na ninyi akina mama ambao mmesimama hapa na watoto mgongoni tangu asubuhi, tunawasalimu wote.

Mimi naitwa Mumbua, katibu wa kikundi. Ninayesoma ni mimi, lakini maneno ni yetu sote, tuliyakubali pamoja. Chifu asilaumiwe. Risala aliyoipitia wiki iliyopita ilikuwa fupi na tamu kuliko hii. Baada ya yale tuliyoyasikia mahakamani juzi, ile tamu imetushinda kusoma.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, maji yametoka. Jana tulifungua mfereji wa zahanati, ukakohoa, ukatema matope, halafu maji yakaja meupe. Mama mmoja alitia mkono chini yake akakataa kuuondoa. Sisi ni watu wa kuchimbua mchanga wa mto na kusubiri maji yapande kwa huruma yake, kwa hiyo tunajua tumepata nini. Asante. Tunasema asante kwa moyo wote, na hatutaki neno lolote litakalofuata liifute.

MRADI ULIVYOANZA

Ulikuja hapa mwaka wa 1985 kuweka jiwe la msingi. Mwaka uliotangulia ukame ulikuwa umetunyang'anya ng'ombe na mbuzi, na wengi wetu tulikuwa tukipika mara moja kwa siku. Uliposema mradi utalipa kwa mahindi, maharagwe na mafuta, hakuna mwanamke aliyebaki nyumbani.

Siku hiyo ulisema mambo mawili. Kwanza ulisema, "Hawa akina mama hawafanyi kazi ya mtu. Wanajitolea kwa hiari yao, na serikali inawapongeza." Tulipiga vigelegele mpaka kuku wa soko wakakimbia, na mtu wa redio akanasa yote kwa mashine yake. Halafu ukamshika kontrakta mkono ukasema, "Huyu ndiye mkubwa wenu. Akisema ingieni, mnaingia. Asiyetii asipewe mahindi." Tulicheka, maana ulisema kwa utani. Mtu wa redio alikuwa ameshaanza kukunja waya zake.

KAZI ILIVYOFANYWA

Hapa kwetu tuna mwethya. Wewe mwenyewe ulikua ukiuona, mama yako alikuwa wa mwethya. Leo tunalima kwa huyu, kesho kwa yule, kila mtu na jembe lake. Hakuna anayempigia mwenzake firimbi. Na sisi wa Kyamulinge, tukichimba mahali pa kina, mmoja wetu hashuki kamwe. Anabaki juu, anaimba, na huku anaangalia udongo. Wimbo ukikatika, wote tunapanda bila kuuliza kwa nini. Wakati wa kuchimba visima tuliokoka mara nyingi namna hiyo.

Mwimbaji wetu alikuwa Kalondu, mke wa Nzuki, mama wa watoto wawili. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Tulimtania kwamba alimeza kengele ya kanisa.

Kwenye mtaro huu wa mabomba, nyapara wa kontrakta alikuwa na firimbi. Ikilia tunaingia, ikilia tena tunatoka, na aliyechelewa hapimiwi mahindi. Siku ya pili alimkuta Kalondu juu anaimba. Akamwuliza, "Wewe unalipwa kwa kuimba?" Tukamweleza kazi ya mwimbaji. Akasema huu si mwethya, hii ni kazi, na kila mdomo unaokula mahindi yake utashika sururu. Mheshimiwa, hayo ni maneno yake, si yetu. Kalondu akashuka.

SIKU ILE

Ilikuwa baada ya mvua za Novemba. Muktar, dereva wa lori kutoka Mwingi, ndiye huyu aliyesimama hapa nyuma na kofia mkononi, alileta mabomba. Alisimamisha lori mbali na akakataa kusogea. Alimwita nyapara akamwonyesha ufa kwenye ukingo. Sote tulimsikia akisema, "Ndugu yangu, hii ardhi inafunguka. Toa hawa mama."

Sisi tulikuwa tumeshatoka. Tulikuwa juu, miguu ina matope, tumeona ufa kwa macho yetu. Nyapara akatuamuru tuyabebe mabomba mpaka kwenye ukingo, kwa kuwa dereva ni mwoga, kisha tuingie tumalize. Tukakataa. Ndipo akasema, "Mheshimiwa mwenyewe aliwaambia nini? Nikisema ingieni?" Akapuliza firimbi.

Tukaingia. Mungu wetu, tukaingia!

Ukuta haukutoa hata sauti. Mtu alikuwa hapa, halafu palikuwa na udongo. Waliokuwa upande wa juu walizikwa mpaka kiunoni, wakatoka. Kalondu alikuwa upande wa chini, chini ya mabomba. Muktar alichimba kwa mikono hadi kucha zikang'oka, akambeba ndani ya lori lake mpaka hospitali ya Mwingi, na alipofika akaambiwa ampeleke chumba kingine. Tangu siku hiyo kuna wenzetu hawawezi kusikia mtu akipiga firimbi, hata ya mpira wa shule.

TULIYOYASIKIA MAHAKAMANI

Kontrakta alituma sanda na gunia la sukari, na kasisi akasema ni mapenzi ya Mungu. Nasi tulisema hivyo hivyo. Kwetu ajali ni ajali. Mtu amekufa, unalia, unazika, unarudi shambani. Ni mwanasheria wa Nzuki, anayemdai kontrakta fidia kwa ajili ya watoto, aliyetuketisha chini akatufungua macho. Alisema kifo peke yake si kesi. Kinakuwa kesi pale mtu aliyekuwa na wajibu wa kukulinda anapoijua hatari, akaonywa, na bado akakupeleka ndani yake, na nyuma yako ukaacha watu waliokuwa wakikutegemea. Akatuuliza, "Nani aliwaamuru kuingia?" Hakuna aliyekuwa ametuuliza swali hilo. Tulikuwa tunajiuliza tu kwa nini tuliingia.

Basi juzi tukaenda Kitui kusikiliza. Wakili wa kontrakta akasimama, suti safi, sauti ya upole. Akasema marehemu hakuwa mfanyakazi wa mtu. Ati alijitolea! Ati aliingia mtaroni kwa hiari yake, akiijua hatari, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa na watoto hawana cha kudai. Halafu akaomba mahakama isikilize ushahidi, akaweka kanda kwenye mashine.

Mheshimiwa, ilikuwa sauti yako. Na baada ya sauti yako, vigelegele vyetu. Tulijisikia sisi wenyewe tukishangilia, na katikati yetu, juu ya wote, tukamsikia Kalondu. Nzuki aliruka kutoka kwenye benchi kana kwamba mkewe amemwita. Karani akamwambia aketi. Sisi hatukujua hata tulie au tutoke nje. Tangu lini mtu akashuhudia dhidi ya watoto wake mwenyewe naye yuko kaburini?

Njiani kurudi tulivuka mto. Ndipo mmoja wetu akasema, "Lakini Mheshimiwa alisema mambo mawili."

OMBI LETU

Kwa hiyo hatuombi barabara leo, ingawa umeiona. Hatuombi mabati ya shule. Ombi ni moja.

Uliyosema kwanza yamefika mahakamani. Uliyosema pili hayajulikani ila na sisi tuliokuwepo, na sisi tunaambiwa ni wanawake wa sokoni tusiojua Kiingereza. Tunaomba useme leo, mbele ya Mkuu wa Wilaya na watu hawa wote, kwamba ulitukabidhi kwa kontrakta, kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, na kwamba asiyetii alikuwa hapewi chakula. Hatukuombi umlaumu mtu. Hatusemi ulijua kuhusu ufa, hukujua. Tunaomba ukweli uliotoka kinywani mwako utoke mara ya pili.

Kesi inarudi Jumatatu. Ukisema, watoto wa Kalondu wana baba aliye na kitu cha kushika mbele ya hakimu. Usiposema, tutakupa chakula, tutakusindikiza hadi kwenye gari, na maji yako tutayanywa, kwa sababu tuna kiu.

Lakini ujue jambo moja kabla ya kusimama. Mtaro wa pili, wa kwenda shuleni, umeanza, na mahindi bado yanapimwa pale. Nyapara ametangaza kwamba mama yeyote atakayeonekana Kitui siku ya Jumatatu jina lake litafutwa kwenye orodha ya mahindi. Tulikutana jana kwa Nzuki tukalizungumza hilo. Kuna miongoni mwetu wajane, kuna wenye watoto wanaonyonya, na mvua bado haijaeleweka. Tuliongea kwa muda mrefu, na wengine walilia.

Nyapara yuko hapa, ananisikia. Afute yote. Tunaenda wote.

Mungu akulinde barabarani, Mheshimiwa, akupe afya na ulimi mwepesi.

Ni sisi, Kikundi cha Mwethya cha Akina Mama wa Kyamulinge, tuliokuwa mtaroni pamoja na Kalondu.