Mashimo ya Gari la Waya

Sogeeni karibu, wanangu. Kisilu, zima hiyo redio, na wewe Wesley kaa chini, usinisimamie kama daktari. Mimi Nzisa, mama yenu, jua la kesho sina hakika nalo, na kabla sijanyamaza nina neno ambalo nimelitafuna miaka saba na halijalainika. Wesley, nimesikia umemkubalia Wathome kwamba siku nikifa mwethya watakuja kunichimbia kaburi. Hata umemshukuru, nimeambiwa. Basi sikiliza ujue uliyemshukuru ni nani.

Mwaka wa tisini na nane, mvua ya El Nino ikiwa imetubomolea matuta yote, waliletwa barazani watu wawili wenye kofia za plastiki na karatasi ndefu, wakatuonyesha gari la waya lililochorwa likipanda kilima chetu cha Kyangoma likining'inia kwenye waya kama buibui, na ndani yake wazungu wamekaa wanacheka. Watalii watatoka Nairobi asubuhi, wakasema, watapanda, wataitazama Ukambani yote, watashuka na kununua vyondo na asali yenu. Wathome, mwenyekiti wa mwethya wetu wa kulimiana na kujengeana matuta, alipiga makofi hata kabla hawajamaliza. Mimi nikainuka nikauliza: stima haijafika hata kwenye zahanati, hilo gari litavutwa na punda? Na huyo mtalii akifika juu akashikwa na kiu atakunywa maji gani, wakati sisi wenyewe tunayafuata mtoni mwendo wa saa mbili? Kweli nawaambia, moyoni nilitamani kulipanda hilo gari, niione Lukenya kutoka juu hata mara moja. Nilitaka tu kujibiwa. Wathome akasema, "Mama Wesley anaogopa kwenda juu kwa sababu huko hawamjui." Baraza likacheka. Nawakumbuka waliocheka mmoja mmoja, na wengine nimehudhuria mazishi yao, na sikulia.

Wakachimba mashimo sita ya nguzo, marefu kuliko mtu, bure, kwa sababu waliambiwa kijiji kitakachotoa jasho ndicho kitakachopewa kazi. La saba lilipimwa katikati ya shamba letu la juu. Nilibeba kigoda changu nikakaa pale pale penye alama siku mbili, mpaka wakaondoka na majembe yao, na jina langu wakalifuta katika mwethya. Wenye kofia hawakurudi tena. Mashimo yakajaa maji, na mbuzi wa Wathome mwenyewe akafia humo. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hayo ningeyasahau. Lakini mwaka uliofuata baba yenu Maundu alifariki, mwezi wa tisa, ardhi imekauka ni chuma kitupu. Huku kwetu mnajua, mwenye msiba hashiki jembe, majirani ndio huchimba. Hakuja mtu. Wathome alituma neno kwamba aliyelikataa jembe lao shambani asilitafute kaburini. Tukachimba sisi, mimi na Kisilu na huyu dada yenu Munyiva, na jeneza lilipofika kutoka mochari tulikuwa hatujafika kiunoni, likakaa juu ya viti viwili juani tangu saa nne hadi saa kumi, na ng'ambo ya ua wa mkonge mwethya walikuwa wanachimba matuta ya Wathome huku wakiimba. Nilisikia kila wimbo. Katunge peke yake aliwaacha akaja na jembe lake. Na wewe Wesley, kifungua mimba wangu, ulifika kutoka Athi River saa kumi na nusu, tai shingoni, ukauliza chakula kiko wapi.

Miaka miwili baadaye Wathome akaja na kilo mbili za sukari, akasema yaliyopita si ndwele. Sukari nilikunywa. Kusamehe sijasamehe. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, na pasta akiniletea maneno yake mwambieni nitajibu mwenyewe huko ninakokwenda.

Basi shikeni. Shamba la juu, pale nilipokaa na kigoda, ni la Munyiva, ingawa ameolewa Tala, na asiyetaka aseme sasa ningali na masikio. Ng'ombe na matuta ya chini ni ya Kisilu. Katunge mpeni yule mbuzi mweupe mwenye mimba, na siku yangu awe wa kwanza kupakuliwa. Nyumba ni yako, Wesley.

Mwethya wakija msiwafukuze. Waonyesheni pale chini ya ghala, penye mwamba, wachimbe mchana kutwa. Wapikieni muthokoi, mtie maharagwe na mafuta ya kutosha, wasije wakasema waliondoka kwetu na njaa. Wakimaliza, wakijipangusa jasho, nibebeni mnipitishe mbele yao polepole, mkanilaze kando ya Maundu, katika kaburi ambalo mtakuwa mmelichimba ninyi wenyewe, kuanzia leo. Wathome akiuliza lile shimo lake ni la nini, mwambieni angojee gari la waya, pengine nguzo itaenea humo. Najua ni mwiko kumchimbia mtu angali anapumua. Mwiko huo nauvunja mimi, si ninyi.

Nipeni maji kidogo... Basi. Leteni viganja niwatemee mate ya baraka, kama mama alivyonitemea mimi. Munyiva, ukilima uvune. Kisilu, wanao wakuzike, usiwazike wewe. Mkigombana... mgombane ndani, mlango umefungwa. Wesley, rudisha mkono wako. Ni laini mno, siutemei. Jembe liko nyuma ya mlango, Kisilu atakuonyesha mahali. Chimba mpaka kiunoni, kisha uje na malengelenge yako, ndipo nikubariki. Nenda, mwanangu. Nenda upesi... mate yananikauka.