Daktari Polepole Anaweka Kisu Chini

Baada ya miaka thelathini na moja kazini, daktari bingwa wetu wa upasuaji wa matiti anastaafu rasmi Ijumaa hii. Wagonjwa humwita Daktari. Sisi wa chumba cha upasuaji tunamwita Polepole, na anaitika bila kununa.

Jina hilo alilipata kihalali. Alipokuja hapa, mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani alirudi nyumbani na bandeji na pole. Yeye ndiye aliyeanzisha kazi ya kujenga titi upya: kwanza anaweka kifuko kitupu chini ya msuli, kisha anakijaza maji ya chumvi kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka ngozi ikubali kutanuka na kupokea kipandikizi cha silikoni. Ukimharakisha, anakuangalia juu ya miwani mpaka unakumbuka una kazi kwingine.

Kabla ya kila upasuaji humsimamisha mgonjwa mbele ya kioo na kumchora mistari kwa kalamu ya wino wa zambarau. Kalamu zenyewe anaazima kwetu, na kurudisha hajui. Wafuaji wanalitambua koti lake kwa madoa. Walishakata tamaa zamani.

Wagonjwa wanaorudi kila mwaka kuangaliwa hutarajia kuulizwa kama wamependeza. Yeye huuliza wanalalia upande gani, maana anayeukwepa upande uliopasuliwa ana maumivu anayoyaficha. Muuza mitumba mmoja alimjibu kwamba analalia upande wowote ulio mbali na mkoromo wa mumewe. Kliniki nzima ikaangua kicheko, Polepole akiwa wa kwanza.

Hapa naomba radhi niseme habari ya nyumbani kwangu. Mdogo wangu, mwalimu wa chekechea, alikuwa mgonjwa wake. Kabla ya upasuaji alielezwa yote: titi jipya halitakuwa na hisia kama la awali, linaweza kukakamaa, linaweza kuingiwa na usaha, na ikiwa hivyo kipandikizi kitatolewa. Mdogo wangu alisikia mawili tu, titi na jipya. Mwezi haujaisha tangu apasuliwe, homa ikapanda, kidonda kikawa chekundu, kipandikizi kikatolewa.

Nyumbani hapakukalika. Mdogo wangu aliacha kujitazama kwenye kioo, akaacha kuwakumbatia watoto wa darasani kwake, akaapa hatapasuliwa tena. Asubuhi nilikuwa nampa Polepole mikasi, jioni namsikiliza mdogo wangu akimlaani. Iliniuma, sifichi.

Jumapili moja Polepole akabisha hodi. Alikaa sebuleni bila koti lake, na hakumlaumu mgonjwa wala vijidudu. Alisema imeshindikana, akaeleza anavyodhani ilivyokuwa, akataja njia tatu: kujaribu tena jeraha likipona kabisa, kujenga titi kwa nyama ya mgongoni mwake, au kubaki hivyo hivyo, na kubaki hivyo pia ni uamuzi wa mtu mzima. Akanywa maji, akaaga.

Mwaka uliofuata mdogo wangu akawa tayari kujaribu tena. Ndugu tukamtafutia bingwa mwingine, hodari, mwenye sifa zake, hata miadi ikapatikana. Akakataa katakata. Alisema wa kumpa maneno matamu ni wengi. Yeye anamtaka yule aliyekuja kumwambia imeshindikana.

Mara hii kipandikizi kilishika. Upande mmoja umekaa juu kidogo, jambo linalomkera Polepole kuliko mwenyewe. Madaktari vijana aliowalea hapa sasa wanafanya kazi hiyo vizuri, na wanawatembelea wagonjwa hata mambo yakiharibika.

Asante, Daktari. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya raha. Kutoka kwangu ongezea hili: mdogo wangu amerudi kuwakumbatia watoto wake wa darasani.